Neema Alipozima Simu

Kabla hujaendelea kusoma, angalia simu yako iko wapi. Kama umeilaza kifudifudi mezani, nakujua. Umeilaza hivyo ili isikusumbue, na kila baada ya muda unaiinua kidogo upande mmoja uone kama kuna aliyekutafuta. Mimi nimefanya kazi ya kompyuta tangu mashine zikiwa kubwa kama kabati la nguo, nimestaafu, sasa nafuga kuku Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, na jana asubuhi nimeiinua yangu nikiwa bandani, mkono wa pili umeshika mayai. Kwa hiyo msidhani nawasema ninyi peke yenu.

Wanangu mnaoandika programu, mkinitembelea mama yenu huwa mnaniuliza mambo makubwa. Mnauliza mjifunze lugha gani, mnauliza kama akili mnemba itawanyang'anya kazi. Hayo siyajui, na anayewaambia anayajua ana kitu anataka kuwauzia. Ninachokijua vizuri ni jambo dogo ambalo hakuna anayeniuliza: namna ya kumwacha mtu afikiri mpaka amalize. Miaka yangu ya mwisho kazini ilinifundisha hilo kwa shida, na nusura tumpoteze binti ambaye sijapata kufanya kazi na mwingine kama yeye.

Nianzie mbali kidogo, mtanivumilia. Nilipoajiriwa mara ya kwanza, Dodoma, ofisi nzima ilikuwa na simu moja ya waya, mwisho wa korido, kwa karani mkuu. Ukipigiwa, mhudumu anakuja kukuita, unatoka, unatembea, unasema halo, unakuta aliyekupigia ameshachoka kusubiri. Aliyenifundisha kazi pale aliitwa Bwana Mushi, mtu mfupi, mkali, aliyevaa sweta hata kwenye joto la Oktoba. Alikuwa na kanuni moja. Huinuki kitini kabla hujaandika, palepale ulipofikia, neno moja la kile ulichokuwa unataka kufanya. Alisema ulichokwisha kufanya kiko kwenye mashine, hakiendi popote, lakini ulichotaka kukifanya kiko kichwani kwako tu, na kichwa chenyewe ndicho hicho kinakwenda kwenye simu.

Nilimwona mkorofi. Siku moja nikainuka bila kuandika, na Bwana Mushi akasimama mlangoni akaziba njia kwa mwili wake wote, mhudumu ananisubiri nje, mpaka nikarudi nikaandika. Aliyenipigia alikuwa mjomba wangu, anataka kujua kama nimepata barua yake. Nilikuwa nimeipata.

Lakini angalieni, zama zile anayekusumbua alikuwa na miguu. Ilibidi mtu afunge safari ya korido nzima kuja kukutoa kwenye kazi, na mtu akiwa anatembea hupata nafasi ya kujiuliza kama jambo lake lina uzito. Wengine walikuwa wanageukia njiani. Siku hizi hakuna anayegeukia njiani kwa sababu hakuna njia. Kidole kinagusa kioo na mtu wa kijijini Kinampanda yumo ndani ya kichwa cha mtu wa Singida mjini, hata hodi hajapiga.

Basi. Nilirudi nyumbani Singida karibu na kustaafu, nikakabidhiwa ofisi ndogo ya kutengeneza mfumo wa chama cha wakulima wa alizeti. Tatizo lao lilikuwa rahisi kulieleza. Alizeti inakauka kwa wote wakati mmoja, kwa hiyo wote walikuwa wanaleta magunia kiwandani wakati mmoja. Foleni inatoka getini inafika barabarani. Watu wanalala juu ya magunia yao mwezi wa sita, na ninyi mnaujua upepo wetu wa mwezi wa sita. Chama kilitaka kila kijiji kipangiwe siku yake, na kila mkulima apate ujumbe kwenye simu: njoo siku fulani, utapimiwa, utarudi nyumbani kwako ulale kitandani.

Sehemu ngumu ya mfumo huo nilimpa Neema. Neema alikuwa mtoto wa Kinampanda, mwembamba, mwenye haya, mwenye sauti ya chini hata anapocheka. Sikumpa kwa sababu ya cheti. Nilimpa kwa sababu msimu uliopita mama yake alikuwa mmoja wa waliolala nje ya lile geti, akarudi nyumbani na kichomi kilichomweka hospitali mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba haponi. Nikajua huyu hataifanyia mzaha.

Ugumu wenyewe ulikuwa hapa. Vituo vya kuandikishia wakulima, cha Mtinko na cha Kinampanda, mtandao wao unakuja na kuondoka unavyotaka. Kwa hiyo mashine ya kituo ilitakiwa itunze majina mtandao ukiwa umekatika, iyatume ukirudi, isimwandike mtu mara mbili, wala isiruhusu vijiji viwili kupewa siku moja kwa sababu vituo vimeongea kwa pamoja. Kuandika kitu kama hicho unahitaji kukishika chote kichwani kwa mara moja, kila kituo kinafanya nini na kingine kinafanya nini na mtandao ukikatika katikati itakuwaje. Ukiachia upande mmoja, unaanza tena.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Ntandu wa Mtinko, mkulima na mfugaji, mtu anayeheshimika kote kule, ambaye mwanawe aliyeko Arusha alikuwa amemnunulia simu janja. Tangu aipate alikuwa haiachi. Akaagiza lifunguliwe grupu la kazi, bodi yote iwemo, makarani wa vituo wawemo, na sisi waandika programu tuwemo, ili kila mtu ajue kila kinachoendelea. Sote tuliona ni jambo jema.

Ninyi wa huku mnajua kilichofuata. Asubuhi Mzee Ntandu anaandika: habari za asubuhi wajumbe. Mdogo hawezi kumwacha mzee hewani, kwa hiyo anaandika shikamoo mzee. Wa pili naye, shikamoo mzee. Mzee naye hawezi kuiacha shikamoo ya mtu bila marahaba, basi anajibu kila moja kwa jina lake, na kila mmoja anaulizwa wa nyumbani hawajambo. Wa nyumbani hawajambo, wanakusalimia. Akijitokeza mjumbe mwenye umri kumzidi Mzee Ntandu, salamu zinaanza upya kutoka chini. Karani wa Kinampanda anatangaza msiba, tunaandika pole mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayethubutu kukosekana kwenye pole. Kisha mtu anatuma picha ya maua yenye maneno ya baraka, tunasema amina. Ndipo katikati ya hayo yote, kama punje ya mchele kwenye mashudu, linatokea swali la kazi: mfumo umefikia wapi?

Wapo watu wa miji mingine ambao kwenye grupu wananyamaza tu na maisha yanaendelea. Kwetu kunyamaza ni jibu, tena jibu baya. Na zile tiki za bluu zinakutangaza kwamba umesoma. Neema alilelewa kupiga goti. Jina la mzee likitokea kwenye kioo, mkono wake ulikuwa unakwenda wenyewe.

Tukafanya jaribio kwa vijiji viwili tu, kijiji kimoja cha upande wa Mtinko na cha kwao Neema, kwa wale wachache waliovuna mapema. Mfumo ukawaita wote siku moja. Nilifika getini asubuhi nikakuta magunia ya vijiji viwili yamebanana, madereva wanagombana, na mama yake Neema amekaa juu ya gunia lake, ameshika simu yake ya kitochi yenye ujumbe wetu, anamwonyesha kila anayepita kwamba yeye amekuja kwa siku yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri amekosea yeye. Neema aliposhuka kwenye pikipiki na kumwona, alisimama hapo hapo akashindwa kusogea.

Tulirudi ofisini tukatafuta kosa, tukalipata. Neema alikuwa ameandika ile sehemu inayouliza kama siku imeshachukuliwa. Alichokuwa hajaandika ni nini kifanyike ikiwa imeshachukuliwa. Mahali pa jibu palikuwa patupu. Aliukumbuka hata wakati wenyewe: alikuwa ameshaanza kuliandika, msiba wa Kinampanda ukaingia kwenye grupu, akatoa pole, akajibu salamu mbili tatu, na aliporudi akaamini ameshamaliza pale, akaendelea na sehemu nyingine. Mtu hakumbuki alichosahau. Ndiyo maana mtu anaweza kukuapia kwamba amemaliza, na anasema kweli yote anayoijua.

Sasa bodi ikafanya ambacho bodi hufanya. Kwa kuwa mambo yameharibika, ikaona hatuwasiliani vya kutosha. Likafunguliwa grupu la pili, la dharura. Tukatakiwa kutoa taarifa kila saa, hata kama hakuna jipya, tuseme hakuna jipya. Kukawa na mkutano wa video kila asubuhi, ambao nusu yake ilikuwa watu wanaulizana mnanisikia, na nusu ya pili ilikuwa Mzee Ntandu anaonekana paji la uso tu kwa sababu simu ameishika chini. Ukilitazama grupu ungesema hawa watu wanachapa kazi usiku na mchana. Kazi yenyewe ilikuwa imesimama.

Nikataka kuona kwa macho yangu. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya meza ya Neema asubuhi nzima, nimeshika sweta ninashona vifungo ili asidhani namchunguza. Simu inatetemeka, anaitazama, anajibu kwa adabu, anaiweka. Anarudi kwenye kioo cha kompyuta, anaweka kidole kutafuta mstari alipoachia, anapanda juu kusoma tangu mwanzo, midomo inacheza kidogo. Anashuka, anashuka, naona uso unaanza kukunjuka kwamba ameshaipata. Simu inatetemeka. Yale majibu yake yalikuwa mafupi, hata maji ya ugali yasingechemka. Kilichokuwa kirefu ni kurudi. Na kabla hajafika aliposimama anaitwa tena.

Mchana alikuja mezani kwangu na simu yake mkononi, imezimwa, kioo cheusi. Akaiweka mbele yangu kama mtoto anayekabidhi kitu alichokiokota.

"Mama, nikiitikia kila salamu sitamaliza," akasema. "Na nisipomaliza mama yangu atalala tena nje. Nimezima. Kama ni kosa, utaniambia."

Sikumwambia ni kosa. Niliifungia simu ile kwenye droo yangu.

Kesho yake Mzee Ntandu aliandika kwenye grupu, Neema binti yangu habari za kazi. Kimya. Mchana akaandika tena. Grupu zima likanyamaza, maana wote walikuwa wanasubiri kuona. Siku iliyofuata akaandika mara ya tatu, na hakuna hata tiki ya pili iliyotokea. Jioni akanipigia mimi. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, na wazee wetu wakikuongelesha taratibu hivyo ujue pameharibika.

"Mtoto asiyeitikia salamu simpi kitu cha wakulima wangu," akasema. "Tafuta mtu mwingine. Jumatatu bodi inakaa, nitalisema mwenyewe."

Nikajua maana yake. Neema akitolewa, ile sehemu hakuna mwingine wa kuimalizia kabla ya mavuno makubwa, na msimu mwingine utapita watu wakiwa getini. Lakini kusema kweli, kilichoniuma zaidi kilikuwa Neema mwenyewe. Ukimwondoa binti wa aina ile kwa kosa la adabu, katika mji kama wetu, hata kanisani watamtazama. Nilikuwa na hasira na mzee, na nilikuwa na hasira na lile grupu. Nikapanda bodaboda nikaenda Mtinko.

Nilimkuta uani kwake, kwenye kiti cha kamba, simu iko pajani. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana ya nyumbani, ya mashamba, ya mifugo, mpaka zikaisha. Nikaanza kueleza kwa lugha yangu ya ofisini, kwamba kazi hii inahitaji utulivu, kwamba mtu akikatishwa anapoteza mfululizo. Alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima tu. Nilikuwa najisikia mwenyewe nikishindwa.

Hapo akaingia mkwe wake, mke wa mwanawe mdogo, anatoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Alisema shikamoo baba, shikamoo mama, kwa sauti tu, bila kupiga goti, bila hata kupunguza mwendo, akapita. Mzee akaitikia marahaba, pita, pita. Mkwe akaingia jikoni, tukasikia ndoo inawekwa chini. Kisha akatoka anajifuta mikono, akaja akapiga goti mbele yangu akanisalimia upya, salamu nzima, ya mgeni.

Nyote mmeliona hilo tangu mnazaliwa. Mimi nimeliona miaka yote hiyo. Siku ile ndipo nililiangalia.

"Mzee," nikasema, "mbona hukumsimamisha pale alipopita?"

Akanitazama kana kwamba nimepigwa na jua. "Ana ndoo kichwani. Unamsimamishaje mtu mwenye ndoo? Maji yatamwagika."

"Na hukuona kwamba amekuvunjia heshima."

"Heshima gani? Si ametua, karudi, kakusalimia?"

"Neema naye ana ndoo," nikamwambia. "Tofauti ni kwamba yake wewe huioni."

Alichukua simu, akaitazama, akairudisha pajani. Nikafikiri nimemuudhi. Aliponijibu, hakunijibu kama mwenyekiti.

"Na mimi nitajuaje kwamba amebeba?" akauliza. "Mtu akilima naona matuta. Akichunga nahesabu ng'ombe jioni. Ninyi mnakaa. Mmekaa tu, mnatazama kioo, na watu wananiuliza mimi kila siku, mwenyekiti, ile kitu iko wapi. Nikituma salamu nikaitikiwa, najua basi angalau wapo."

Wanangu, hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimekwenda kule nikimwona mzee aliyelewa simu mpya. Kumbe kila habari za asubuhi wajumbe ilikuwa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoweza kuona ndani, anataka kusikia tu kama kuna mtu. Alikuwa na haki ya kujua. Tulichomnyima siyo heshima, tulimnyima mahali pa kuchungulia. Nikampa jibu lililokuja. Nikamwambia njoo Ijumaa ofisini. Ukifika utakuta ametua, atakusalimia salamu nzima, na atakuonyesha alichobeba.

"Nitakuja," akasema. "Nikikuta hajabeba kitu namwondoa hiyo Ijumaa."

Jumatatu bodi ilikaa, na akaliahirisha.

Tukajipanga upya. Neema nikamrudishia simu yake, na grupu la dharura tukalifuta. Grupu la kwanza likabaki kwa salamu na misiba, maana hivyo navyo ni vya watu, lakini waandika programu wakawa wanalifungua mchana wakati wa kula na jioni kabla ya kutoka, na wakilifungua wanaitikia kila mmoja kwa jina, hawaruki mtu. Kwa jambo la haraka nikanunua simu ya kitochi, ikakaa mezani kwangu. Anayemtaka Neema ananipigia mimi, na mimi naamua kama nimsimamishe au nimsubiri atue. Nilijua namna ya kuziba mlango, nilifundishwa na aliyeuziba kwa mwili. Na kabla ya kumsimamisha mtu nilimwachia nafasi aandike lile neno la Bwana Mushi.

Msidhani ilikwenda sawa tangu siku ya kwanza. Karani wa Mtinko alikuwa amegundua kwamba watu wa vitongoji viwili wana majina yanayofanana kabisa na mfumo unawaunganisha kuwa mtu mmoja. Akaliandika kwenye grupu asubuhi, akaona ameshasema. Hakupiga kitochi kwa sababu aliona ni kusumbua watu wazima. Tulikuja kulisoma jioni, na kazi ya siku ile ikabidi ifumuliwe. Neema alitaka kulia. Kwa hiyo mtu akiwaambia zima kila kitu ujifungie, mwambieni naye ajifungie peke yake. Mlango ukiufunga, weka mtu wa kuusikiliza, na wafundishe watu wa nje namna ya kuugonga.

Ijumaa Mzee Ntandu alikuja. Alikuja amevaa koti la mikutano. Neema alipiga goti akamsalimia, akamwomba radhi kwa kimya chake, kisha akamkalisha karibu na kompyuta akamwonyesha vituo viwili vinavyozungumza kwa kupokezana. Mzee aliuliza maswali mengi ambayo hayakuwa na kichwa wala miguu, na Neema aliyajibu yote. Aliuliza kama mashine ya Kinampanda inaweza kudanganya. Aliuliza kama mashine zinaamkiana zikikutana. Neema akafikiri kidogo, akasema ndiyo, zinaamkiana kwanza, ndipo zinatoa habari. Mzee alifurahi sana kusikia hivyo. Baadaye akasinzia kitini, na hakuna aliyemwamsha.

Akawa anakuja kila Ijumaa. Siku akiwahi, anasimama mlangoni, anapunguza sauti, ananiuliza mimi, "Amebeba?" Nikisema amebeba anakwenda kukaa kwenye benchi la nje mpaka atue. Nilimwona mara moja akimfukuza mjumbe mwenzake wa bodi pale mlangoni, anamwambia kwa kunong'ona, tulia, huoni mtoto ana ndoo?

Neema alimaliza kabla wengi hawajaanza kukata vichwa vya alizeti. Asubuhi ya kwanza ya msimu nilikwenda getini peke yangu, mapema, nimejifunga kitenge mabegani kwa ajili ya upepo. Hapakuwa na foleni. Lilikuwapo lori moja la kijiji kimoja, kama lilivyopangwa, na mlinzi analalamika kwamba hana wa kupiga naye soga. Mama yake Neema alikuja kwa siku yake, akapimiwa, akaondoka kabla ya jua la mchana. Alinipungia mkono kutoka juu ya gari akiwa amefunika mabega, na nilisimama nikamwangalia mpaka gari lilipopotea.

Nimestaafu sasa. Ile ofisi anaiongoza Neema, na kitochi kiko mezani kwake. Mzee Ntandu tulimzika mwaka jana, Mtinko. Alipokuwa amelazwa aliandika kwenye grupu mara moja, kwa kupapasa, maana sidhani macho yake yalikuwa yanaona vizuri. Hakuandika habari za asubuhi wajumbe. Aliandika: Neema, ukitua, nisalimie. Ilikuwa asubuhi, na Neema alikuwa amebeba. Ujumbe ule sikusubiri atue. Nilikuwa bado mezani kwangu siku hiyo, niliinuka nikaenda nikamshika bega. Aliandika lile neno lake, akafunga kompyuta, akapanda pikipiki mpaka hospitali, akamwamkia kwa goti, na yule mzee akaitikia marahaba kwa sauti inayosikika.

Kwa hiyo mnapoona sisi wazee tunawatumia salamu za asubuhi zenye picha za maua, msicheke sana. Nami sasa niko nje ya ile nyumba. Sijui mnafanya nini humo ndani, naona mmekaa tu. Jana asubuhi nilipokuwa bandani na mayai, niliyemsubiri kwenye simu alikuwa Neema. Nilikuwa nimemtumia habari za asubuhi mwanangu, na haikuwa na jibu. Nikatoka bandani, nikaitazama tena. Nikaona aibu, mimi niliyeziba mlango wake miaka yote ile, sasa naugonga. Nikaandika chini yake, ukitua, nisalimie. Nikaiacha simu ndani nikaenda kufagia.

Jioni kuku wanaingia bandani, nikasikia simu inaita. Hakuandika, alipiga.

"Shikamoo mama," akasema. "Nimetua."